Pistoni Nane za Matia Mukasa

Mimi si mtu wa kusamehe, niliseme hilo mapema. Mwaka 1983 mwanasheria alipotuuliza mimi na Kjell, mume wangu Mswidi, kila mmoja anataka nini katika mali ya ndoa inayovunjika, sikutaja makochi wala nyumba ndogo ya mapumziko kule visiwani. Nilisema, "Nataka gari." Kjell alibadilika rangi. Lilikuwa Chevrolet Nova la mwaka 1966, injini ya silinda nane, na alilipenda kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Sikuwa na haja nalo hata kidogo, maana kazi yangu ilikuwa kuendesha basi la abiria na nilishachoka na usukani. Nilitaka tu kuuona uso wake siku nitakapoliwasha na kuondoka nalo. Niliuona, na mpaka leo nikikosa usingizi naukumbuka, nalala.

Ndiyo maana Matia Mukasa, siku alipotaka kulipiza kisasi, aligonga mlango wangu mimi, Milcah, akaipita milango mingine yote ya ngazi yetu.

Tulikuwa majirani hapa Jordbro, kusini mwa Stockholm. Yeye aliishi ghorofa ya pili na mkewe Noeline, aliyefanya kazi hospitalini, na binti yao Damalie, aliyeulizwa kwa Kiganda akajibu kwa Kiswidi. Mimi niliishi ghorofa ya nne, peke yangu na raha zangu. Matia alikuwa Mganda mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene vilivyokuwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Mwanzoni hakupenda kuzungumza nami Kiswahili. "Kwetu, nnyabo," aliniambia, yaani mama kwa Kiganda chao, "ukisikia Kiswahili nje ya mlango, unazima taa." Kilikuwa lugha ya askari. Lakini mimi Kiganda sijui, yeye Kijaluo hajui, na Kiswidi tulikuwa tukikitumia kulalamikia ofisi. Na kwa kuwa alikaa miaka mitatu Nairobi akiwa mkimbizi, Kiswahili alikuwa nacho. Basi tukakitumia.

Alifika Stockholm mwaka 1980. Kwanza alikaa Hässelby, mwisho kabisa wa njia ya kijani ya treni ya chini ya ardhi, akifagia majukwaa ya stesheni. Vyeti vyake vya ufundi vilibaki Kampala, na gereji vilimobaki ilichomwa moto. Alipopata kazi kwenye gereji moja ya eneo la viwanda hapa Jordbro, kwenye karatasi yake ya kazi waliandika neno moja tu, biträde, yaani msaidizi. Msaidizi! Mtu ambaye alikuwa akibandika ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akakwambia ni silinda ya ngapi inayougua.

Mwenye gereji aliitwa Rune Hallqvist. Alikuwa na mabega mapana, nywele zilizopakwa mafuta zikachanwa nyuma kama vijana wa magari ya Kimarekani ingawa alishapita miaka hamsini, na kicheko kinachosikika barabara ya pili. Alikuwa na gari moja alilotaka limpe heshima kabla hajazeeka, nalo ni Ford Mustang la mwaka 1965.

Matia alilijua lile gari kama wengine wanavyojua ukoo wao. Alinieleza jinsi lilivyotolewa hadharani New York mwezi wa nne mwaka 1964, likauzwa zaidi ya elfu ishirini siku ya kwanza tu, na kabla ya miaka miwili kwisha likafika milioni. Chini ya ile sura nzuri, alisema, mifupa ilikuwa ya Falcon, gari la kawaida la baba na watoto. "Waliuza sura kwanza. Nguvu ilikuja nyuma." Wengi walinunua lenye silinda sita. Waliotaka mbio walichukua injini ya silinda nane ya lita nne nukta saba, nayo ilikuja kwa viwango vitatu: nguvu-farasi mia mbili, mia mbili ishirini na tano, na kwa wenye pesa na wazimu, mia mbili sabini na moja. La Rune lilikuwa la kiwango cha kati, na kabureta yake ilikuwa na midomo minne. Tena halikuwa na jina. Ujerumani kulikuwa na kampuni nyingine iliyokwishalimiliki jina la Mustang, kwa hiyo huko Ford waliliuza kwa jina la T-5, wakang'oa herufi zote za Mustang na kumwacha farasi wa nembo tu. Rune alilipata hukohuko Ujerumani, kutoka kwa askari wa Kimarekani, likitoa moshi wa buluu kwa nyuma.

Matia alilionea huruma. "Wamemvua jina," alisema, akilipapasa pale ubavuni ambapo herufi zingekuwa.

Majira ya vuli ya mwaka 1984 Rune alimwahidi mambo mawili. Kiwandani gari kama lile lilitoka na mwendo wa kumaliza mita mia nne kwa sekunde kumi na sita na zaidi. Matia akiweza kulishusha chini ya kumi na tano, kwanza, jina lake litaandikwa kwenye kadi inayowekwa kiooni siku ya maonyesho ya mwezi wa sita, mahali palipoandikwa motor, yaani aliyejenga injini. Pili, karatasi yake ya kazi itabadilishwa, atoke kwenye usaidizi aitwe mjenzi wa injini. Matia alitaka yote mawili, lakini ile kadi ndiyo iliyomnyima usingizi. Ilikuwa imepita miaka saba tangu mtu yeyote alitaje jina lake na injini katika sentensi moja.

Alifanya kazi hiyo kila Jumamosi, majira yote ya baridi. Nilikuwa nikimpelekea chai ya chupa. Alisugua njia za hewa za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, kwa mkono mpaka zikang'aa kama sinia. Alizipima pistoni nane kwenye mizani ya jikoni ya Noeline, akipunguza unyuzi hapa na unyuzi pale mpaka zote zikalingana uzito, na Noeline akagomba wiki nzima kwamba unga wake unanuka oili. Rune hakuwahi kushuka pale injini ikiwa wazi. Alisema harufu inamuumiza kichwa. Alikuja tu ilipofungwa, kuisikiliza ikinguruma.

Kwa hiyo hakuiona desturi ya Katwe. Niliiona mimi.

Katwe ndio mtaa wa gereji kule Kampala, na kwenye gereji alikofunzwa Matia, fundi aliyejenga injini upya hakuifunga kabla ya kugonga jina lake juu ya pistoni. Alitumia vijichuma vyenye herufi na nyundo ndogo. Injini kama hii ina pande mbili, pistoni nne kila upande. Upande wa kulia hugongwa jina la aliyeijenga, upande wa kushoto jina la aliyemfundisha. Ukishafunga hakuna anayeona tena, isipokuwa fundi atakayefungua miaka mingi baadaye, naye atajua amlaumu nani au amsifu nani. Mwezi wa pili mwaka 1985 nilimshikia taa nikamtazama akigonga. Kulia: MATIA, MUKASA, JORDBRO, 1985. Kushoto: PETERO, SSALI, KATWE, KAMPALA.

"Petero ni nani?" nikamuuliza.

"Mwalimu wangu," akasema, akavirudisha vijichuma vyake sandukuni.

Mwezi wa tano lile gari lilikimbia mita mia nne kwa sekunde kumi na nne nukta tisa. Rune alimbusu Matia kwenye paji la uso. Nasema ukweli, alimbusu.

Siku ya maonyesho nilikwenda na Nova yangu, kwa sababu nilijua Kjell atakuwepo na nilitaka apoteze hamu ya kula. Lilikuwa jua zuri, magari yamepangwa kwenye uwanja, watu wanakula soseji. Matia alikuja amevaa koti alilofungia ndoa. Alikwenda moja kwa moja kwenye Mustang, akainama kwenye kioo kusoma kadi, akabaki ameinama vile vile. Nikasogea nikasoma. Motor: Rune Hallqvist.

Damu ilinichemka. Lakini kabla sijafungua mdomo akaja mwandishi wa jarida la magari na kamera yake. Rune akamweleza jinsi alivyosugua njia za hewa, jinsi alivyopima pistoni kwa mizani ya jikoni, akaisema habari nzima kama ilivyokuwa, ila mahali pa Matia akajiweka yeye. Wakati huo Matia alikuwa ametoa kitambaa mfukoni anafuta alama ya kidole kwenye boneti, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Mwandishi akauliza, "Na huyu?"

"Han tvättar delarna," Rune akasema. Huyo ananioshea vipuri.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ndicho kilichoniuma zaidi. Walicheka kama mtu anayefurahia jua. Watu saba au wanane walicheka, na Kjell alikuwa mmoja wao. Matia akakunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni, akaondoka kwa miguu.

Kesho yake, Jumapili mchana, aligonga mlango wangu. Aliingia bila kuvua viatu, na hapo nikajua mambo yameharibika.

"Nnyabo, nataka nimfanyie huyu mtu kitu."

"Sukari," nikasema. "Kilo nzima kwa tangi la petroli. Ninayo hapo kabatini."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Ile injini ni yangu. Nitie sukari kwa injini yangu mwenyewe?"

"Basi misumari kwa magurudumu, Baba Damalie."

"Magurudumu atanunua ingine. Mimi sitaki apate hasara. Nataka aibu. Aibu mbele ya wale wale watu walicheka."

Nikampa chai. Hakuinywa. Akaniambia habari za Petero, kwa sauti ya chini, akitazama meza.

Mwaka 1977 ofisa mmoja wa jeshi alileta gari lake Katwe. Matia ndiye aliyeitengeneza injini, peke yake, ikatoka nzuri. Wiki mbili baadaye yule ofisa akaliendesha bila maji mpaka likakauka njiani na injini ikakwama. Kosa lilikuwa lake, lakini nani angemwambia? Wakaja askari watatu. Matia alikuwa ndani ya shimo chini ya lori, ana spana mkononi. Akasikia wakiuliza kwa Kiswahili, "Nani alitengeneza gari hii?"

"Mimi nilikuwa shimoni, nnyabo. Nimefungua mdomo. Sauti haikutoka. Petero alikuwa juu, anafuta mikono. Akasema, 'Ni mimi.' Tu hivyo. Wakamtia kwa buti ya gari yao. Hakuna kaburi. Hata mke wake hajui aende wapi akalie."

Nilitaka kumshika mkono lakini nilimjua, angeona haya. Nikamsogezea kikombe.

"Sasa huyu naye anasema, 'Ni mimi,'" akaendelea. "Neno lile lile. Huyu ni kwa kupigwa picha."

Ndipo akatoa kijitabu cha kanuni za mashindano. Alikuwa amekisoma usiku kucha na kamusi. Mwezi wa nane kulikuwa na mashindano ya mita mia nne kwenye uwanja wa zamani wa ndege kusini mwa mji, na Rune alikuwa amejiandikisha katika daraja la injini za silinda nane zisizozidi lita tano. Kanuni ilisema hivi: mshindani yeyote wa daraja hilo akidai kwamba injini ya mshindi imepanuliwa kinyume cha sheria, mkaguzi ataifungua palepale mbele ya watu aipime. Ikionekana ni halali, mlalamikaji anafukuzwa mashindanoni msimu wote.

"Wakifungua wataona jina," nikasema. Nilianza kuelewa na tabasamu likanijia lenyewe.

"Wataona. Lakini ni mshindi tu anafunguliwa. Kwa hivyo Rune lazima ashinde. Na mimi siwezi kulalamika, mimi si mshindani." Akanitazama. "Wewe uko na Nova. Silinda nane. Lita nne nukta sita."

"Mimi? Mimi ni dereva wa basi!"

"Hata ukikuwa wa mwisho. Bora umeandikishwa."

"Na watanifukuza msimu wote?"

"Watakufukuza."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaenda kuchukua kalamu.

Majira yale ya joto nilijifunza hasira ya mtu mkimya inavyofanya kazi. Mimi nikikasirika natupa vyombo. Matia alimnoa adui wake. Kila asubuhi alikwenda gerejini akasema, "Ja, chefen," ndiyo bosi, akaiboresha ile injini kuliko alivyoahidi. Alibadilisha vijitundu vya kabureta, akausogeza muda wa cheche unywele kwa unywele, akabadilisha mabomba ya moshi. Jioni akipita mlangoni kwangu alisema tu, "Imeshuka sehemu moja ya kumi." Jarida lilipotoka, na picha ya Rune ameegemea boneti na Matia nyuma yake ana kitambaa, aliikata ile picha akaibandika ndani ya sanduku lake la spana. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema ili asije akasahau na kulegea.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi yenye mawingu. Mimi nilimaliza mita mia nne kwa sekunde kumi na saba na kitu, wa mwisho kabisa, na niliwapungia watu mkono kama malkia. Kjell alikuwa kwenye ua amejifunika uso. Rune alimpita kila mtu. Mbio za mwisho alikimbia kumi na nne nukta sita, akashuka garini mikono juu, na wale wale waliocheka mwezi wa sita wakampigia makofi. Na yule mwandishi wa jarida alikuwepo.

Nikaenda kwenye meza ya mkaguzi, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, nikasema ninalalamika.

Rune alipoambiwa alicheka kile kicheko chake. "Dereva wa basi ana wivu! Fungueni tu. Mtaona kazi safi." Kisha bila kugeuza kichwa, "Matia, hämta nycklarna." Lete spana. Matia akazileta, akaziweka chini moja moja, kwa mpangilio.

Watu wakazunguka. Mkaguzi akaieleza kanuni: atafungua upande mmoja tu, inatosha kupima. Akalizunguka gari, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaweka mkono kushoto.

Nilimsikia Matia akivuta pumzi karibu yangu. "Betri," akanong'ona.

"Betri imefanya nini?"

"Betri na jenereta ziko kulia. Zinazuia. Kushoto kuko wazi. Fundi yeyote anafungua kushoto."

Fundi mzima! Miezi miwili alifikiria kanuni, akafikiria siku, akafikiria uso wa Rune, na hakufikiria betri. Jina lake lilikuwa upande wa kulia. Nikapayuka, "Höger! Kulia! Nataka afungue kulia!" Mkaguzi akanijibu kwa adabu kwamba upande anachagua yeye. Rune akanikonyeza.

Ilichukua muda mrefu. Maji yakamwagwa, kabureta ikatoka, boliti zikalegezwa. Matia hakusogea. Nilitaka kulia kwa uchungu, kwa sababu niliona kwamba yule mwizi atatoka hapo akiwa na kombe lake na jina lake, na mimi ndiye niliyempandisha jukwaani. Hatimaye silinda hedi ikanyanyuliwa. Pistoni zilikuwa nyeusi kwa masizi. Mkaguzi akapima, akaandika, akapima tena. Akasema vipimo ni sawa. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa akafuta pistoni ya mbele ili aone hali yake, akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Petero," akasoma kwa sauti. Akafuta ya pili. "Ssali." Akafuta ya tatu na ya nne. "Katwe. Kampala." Akainua kichwa. "Rune, Petero ni nani?"

Rune akasogea kutazama. Nilisubiri miezi miwili kwa ajili ya ule uso na sitauuza kwa bei yoyote. "Itakuwa… itakuwa waliandika kiwandani," akasema.

"Kiwandani Marekani waliandika Kampala?"

Mtu mmoja akacheka nyuma.

"Lakini wewe ndiye uliyezipima kwa mizani ya jikoni," mkaguzi akasema taratibu. "Nilisoma kwenye jarida. Zote nane ulizishika kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Na hukuona kwamba zimeandikwa?"

Rune akainama kuzitazama tena. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye mafuta ya nywele. Mwandishi wa jarida alikuwa ameinama juu ya injini na kamera, akipiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na wale watu wakacheka, kicheko kile kile cha jua, na safari hii hakuwa Matia aliyechekwa. Nilicheka kuliko wote. Nilimtafuta Kjell machoni nikacheka nikimtazama yeye.

Mkaguzi hakucheka. Alitazama huku na huku mpaka akaviona vidole vya Matia. Akamwendea, akamuuliza moja kwa moja, "Vem har byggt motorn?" Nani amejenga injini hii?

Lilikuwa limebaki neno moja tu. Mimi, aseme mimi, na mzee yule angefungua upande wa kulia na kila kitu kingekuwa wazi. Nilikuwa nimeuma ulimi. Matia alimtazama mkaguzi, akazitazama zile pistoni nne. Watu wakaacha kucheka.

"Petero Ssali," akasema.

"Yuko wapi?"

"Walimchukua. Mwaka sabini na saba."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwanafunzi wake."

Yule mzee hakuwa mjinga. Herufi zile zilikuwa mpya, na mtu aliyechukuliwa mwaka 1977 hawezi kujenga injini Jordbro. Aliitazama mikono ya Matia kwa muda, kisha akaitoa ile kadi ya maonyesho, ambayo Rune alikuwa ameiacha kiooni, akapiga mstari juu ya jina lililokuwepo, akampa Rune kadi na kalamu. "Kadi lazima iseme kweli," akasema. "Andika."

Rune akaandika juu ya boneti yake mwenyewe, Matia akimtajia herufi moja moja bila haraka, na pale Rune alipokosea akamfanya arudie. Kisha kipaza sauti kikatangaza mshindi wa daraja, gari Ford Mustang la mwaka 1965, injini imejengwa na Petero Ssali, Katwe, Kampala. Kikatangaza pia kwamba Milcah, mwenye Nova, amefukuzwa msimu wote. Nikapunga mkono tena.

Kabla hatujaondoka Matia aliifunga tena injini, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akamwendea Rune. "Bosi," akamwambia kwa Kiswidi, na watu wote wakisikia, "kulia kuna jina jingine. Ukitaka kulijua, fungua. Mimi nimemaliza kukuoshea vipuri." Akachukua sanduku lake la spana.

Ndani ya Nova nilimgombeza vibaya. "Umenifukuzisha kwa jina la maiti, Baba Damalie! Neno moja tu lilikushinda?"

Alikuwa akitazama misonobari inayopita dirishani. "Waliuliza vile vile, nnyabo," akasema. "Nani alitengeneza gari hii. Siku ile jibu lilikuwa ni mimi, akasema yeye. Leo nimemrudishia."

Nikaendesha.

Wiki iliyofuata yule mkaguzi, ambaye alikuwa na karakana yake Jakobsberg, upande wa pili wa Stockholm, alimwita Matia akampa kazi, na kwenye karatasi akaandika mjenzi wa injini. Sasa Matia hupanda treni ya abiria kila asubuhi akiwa na lile sanduku. Ile picha ya jarida ameibandua, ameweka nyingine, ya pistoni nne zenye herufi. Nakala moja alimtumia mjane wa Petero.

Mimi sijabandua kitu. Njia ya basi langu inapita mbele ya gereji ya Rune mara sita kwa siku, na mara sita napiga honi. Kwenye vituo vyote vya petroli vya Haninge, wilaya yetu, wanamuuliza Petero hajambo. Amejaribu kuliuza lile gari, lakini kila anayekuja kulitazama anataka kwanza afunguliwe upande wa kulia, na Rune hamwachii fundi yeyote alifungue, wala mwenyewe hajui kulifungua. Kwa hiyo analo. Jumapili analitoa nje analiwasha, na mara elfu kwa dakika jina la Matia Mukasa linapanda na kushuka ndani ya moto, na Rune amekaa pale anajua.

Mimi nilitaka twende tukalifungue kwa nguvu. Matia alisema hapana, mwache asikilize.